Je, Kristo Alikufa kwa Ajili ya Watu Wote? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkusanye Mpresbiteri, Mmethodisti na Mpentekoste kwenye kikundi kimoja cha kujifunza Biblia, mfike Yohana 10, na hapo hapo maswali haya yataanza. Majibu yaliyo hapa yameandikwa kwa Mkristo wa kawaida anayetaka kujua ubishi umetoka wapi na umesimamia wapi. Pale ambapo nina msimamo wangu nitasema wazi, ili usiuchanganye na habari.

Ubishi wenyewe ni upi hasa?

Tuanze na yale ambayo hayabishaniwi. Pande zote mbili zinakiri kwamba Yesu alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi, kwamba damu yake ingetosha hata kama wenye dhambi wangekuwa maelfu ya mara zaidi, na kwamba wasiomwamini hawataokoka. Wanapoachana ni kwenye kusudi. Baba alipomtoa Mwanawe, alikuwa amekusudia nini, na kwa ajili ya nani?

Wapo wanaosema alikusudia kumfungulia kila mwanadamu njia ya wokovu, na anayeamini ndiye anayeingia. Huu huitwa ukombozi kwa wote. Wengine wanasema alikusudia kuwaokoa wateule wake hasa, yaani watu aliowachagua, na kwamba mauti ya Kristo haikufungua njia tu bali iliwapatia hata imani ya kuipita. Huu ni ukombozi mahususi. Wapinzani wake huuita "upatanisho wenye mpaka", jina ambalo Wakalvini wengi (Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya John Calvin) hawalipendi, nao wana haki: kila upande unaweka mpaka mahali fulani. Mmoja unaweka mpaka kwenye idadi ya wale ambao msalaba uliwakusudia, mwingine kwenye kile ambacho msalaba peke yake unakikamilisha.

Biblia si inasema wazi kwamba ni kwa ajili ya wote?

Inasema. Yohana anaandika kwamba Kristo ni "kipatanisho kwa dhambi zetu, wala si kwa dhambi zetu tu, bali na kwa dhambi za ulimwengu wote" (1 Yohana 2:2). Paulo anasema Kristo "alijitoa mwenyewe kuwa ukombozi kwa ajili ya wote" (1 Timotheo 2:6), na mwandishi wa Waebrania anasema aliionja mauti "kwa ajili ya kila mtu" (2:9). Kuna pia mstari mgumu wa 2 Petro 2:1, unaowataja walimu wa uongo wanaomkana "Bwana aliyewanunua". Kama alinunua wateule peke yao, hawa walinunuliwaje?

Lakini Biblia hiyo hiyo inasema malaika alimwambia Yusufu kwamba mtoto "atakayewaokoa watu wake na dhambi zao" ndiye huyo (Mathayo 1:21). Inasema mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, kisha mistari michache mbele Yesu anawaambia wabishi wake, "hammo miongoni mwa kondoo wangu" (Yohana 10:26). Inasema Kristo alilipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake (Waefeso 5:25). Na usiku wa kukamatwa kwake aliomba hivi: "siuombei ulimwengu; bali hao ulionipa" (Yohana 17:9). Wakalvini huuliza: kuhani atakataaje kumwombea mtu ambaye kesho yake anamtolea sadaka?

Atakayekwambia kwamba mistari yote iko upande wake, mpe hiyo ya upande wa pili na umwombe aisome kwa sauti.

Je, "wote" inaweza kuwa na maana nyingine zaidi ya kila mtu?

Augustino wa Hippo alilijibu swali hili zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kuhusu Mungu kutaka watu wote waokolewe, alisema maana yake inaweza kuwa watu wa kila namna: wafalme na raia, matajiri na maskini, wasomi na wasiosoma. Wakalvini nao wameitumia hoja hiyo, na kwa 1 Timotheo 2 ina uzito, kwa sababu Paulo alikuwa ametoka tu kuagiza sala kwa ajili ya wafalme na wenye mamlaka, watu ambao Mkristo wa wakati ule angeweza kudhani hawahusiki kabisa.

Kwa 1 Yohana 2:2 naona hoja hiyo inavutwa kupita kiasi. Mwandishi yule yule anaurudia ulimwengu wote katika 5:19, anaposema "dunia yote pia hukaa katika yule mwovu", na hapo hakuna anayefikiri anazungumzia wateule waliotawanyika katika mataifa.

Upande wa pili nao una kosa lake. Wapo wanaoona mstari wa kondoo umemaliza maneno: alikufa kwa ajili ya kondoo, basi si kwa ajili ya mwingine. Kwa mantiki hiyo, Paulo anaposema Mwana wa Mungu "alinipenda, akajitoa nafsi yake kwa ajili yangu" (Wagalatia 2:20), ingekuwa Kristo alimfia Paulo peke yake. Kutaja baadhi si kuwakana waliosalia. Hoja yenye nguvu ya Wakalvini haiko kwenye mstari huo. Iko kwenye ile sala ya Yohana 17, na kwenye Warumi 8:32, ambapo Mungu aliyemtoa Mwanawe "kwa ajili yetu sisi sote" hawezi kukosa kutukirimia mambo mengine yote pamoja naye. Kama wale ambao Kristo aliwafia lazima wapewe yote, basi wasiopewa yote aliwafia vipi?

Ubishi huu ulianza na Wakalvini?

Hapana, ni wa zamani zaidi. Katika karne ya 9 mtawa mmoja aliyeitwa Gottschalk wa Orbais alifundisha kwamba Kristo hakumwaga damu yake kwa ajili ya watakaopotea. Mwaka 849, kwenye sinodi (mkutano wa viongozi wa kanisa) ya Quierzy huko Ufaransa, alichapwa viboko, akalazimishwa kuyatia motoni maandishi yake, kisha akafungiwa katika monasteri hadi alipofariki. Mwaka 853 sinodi nyingine pale pale Quierzy, chini ya Askofu Mkuu Hincmar wa Reims, ilitamka kwamba hayupo, hakuwepo wala hatakuwepo mwanadamu ambaye Kristo hakuteswa kwa ajili yake. Miaka miwili baadaye maaskofu waliokutana Valence waliyapinga maamuzi hayo. Maaskofu dhidi ya maaskofu, kanisa moja.

Karne ya 12 Petro Lombardo aliacha fomula ambayo shule zote za teolojia ziliirithi: Kristo alijitoa kwa ajili ya wote kwa upande wa kutosha kwa thamani, ila kwa ajili ya wateule kwa upande wa matokeo. Fomula hiyo ilileta amani kwa muda mrefu kwa sababu kila mmoja aliielewa atakavyo.

Ni nini kilitokea Dordrecht, Uholanzi?

Hapa ndipo penye kisa, na siasa haikukaa mbali.

Jacobus Arminius, profesa wa teolojia wa Leiden aliyeupinga Ukalvini mkali, alifariki mwaka 1609. Mwaka uliofuata wachungaji arobaini na kitu waliomfuata waliwaandikia watawala wa Uholanzi waraka wa malalamiko (Remonstrance) wa vipengele vitano. Cha pili kilisema Kristo alimfia kila mtu, ila hakuna anayeupata msamaha huo kwa kweli isipokuwa aaminiye. Walinukuu Yohana 3:16 na 1 Yohana 2:2. Kwa sababu ya waraka huo wakaitwa Waremonstranti.

Nchi ikagawanyika. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mkuu wa serikali, aliwalinda. Mwanamfalme Maurits, mkuu wa majeshi, akasimama na wapinzani wao, akamkamata Oldenbarnevelt mwaka 1618. Novemba mwaka huo sinodi ikafunguliwa mjini Dordrecht, pamoja na wajumbe kutoka Uingereza, Uswisi na nchi za Wajerumani. Wafaransa walikatazwa na mfalme wao kusafiri, na benchi lao likaachwa tupu ukumbini.

Waremonstranti waliitwa kama washtakiwa, si kama wajumbe. Wakiongozwa na Simon Episcopius waliwekwa kwenye meza ya katikati, wakawa wanabishana wiki baada ya wiki juu ya utaratibu: waruhusiwe kushambulia mafundisho ya wenzao, au wajibu tu wanachoulizwa? Tarehe 14 Januari 1619 mwenyekiti, Johannes Bogerman, uvumilivu ukamwishia. Akawaita waongo, akawafukuza ukumbini. Maamuzi yaliandikwa bila wao.

Wengi hudhani waliobaki ndani walikuwa na sauti moja. La. John Davenant na Samuel Ward, wajumbe kutoka Uingereza, walishikilia kwamba Kristo kwa namna fulani alikufa kwa ajili ya wote. Matthias Martinius wa Bremen alikuwa karibu nao, na katika mojawapo ya mabishano Franciscus Gomarus, adui wa zamani wa Arminius, alimtupia Martinius glavu chini kumtaka pambano. Maprofesa wa teolojia hao!

Ndiyo maana maneno yaliyopitishwa ni mapana kuliko watu wanavyodhani. Sura ya pili ya maamuzi hayo, yaitwayo Kanuni za Dordrecht, inasema kifo cha Mwana wa Mungu kina thamani isiyo na kikomo na kinatosha tele kuziondoa dhambi za ulimwengu mzima. Inaagiza injili itangazwe kwa mataifa yote bila ubaguzi. Kisha inasema Mungu alikusudia nguvu yake iokoayo iwafikie wateule wote, na wao tu.

Sinodi ilifunga vikao vyake na wageni tarehe 9 Mei 1619. Siku nne baadaye Oldenbarnevelt, mzee wa miaka 71, alikatwa kichwa mjini The Hague. Wachungaji wa Kiremonstranti wapatao 200 walipoteza kazi. Hugo Grotius, mwanasheria aliyekuwa upande wao, alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein, na mwaka 1621 mkewe, Maria van Reigersberch, akamtorosha ndani ya kasha la vitabu huku walinzi wakidhani wanabeba vitabu.

Calvin mwenyewe alifundisha nini?

Alifariki mwaka 1564, kabla swali halijawekwa kwa namna hii, hivyo kila upande humnukuu. Akieleza 1 Yohana 2:2 aliikubali ile fomula ya kutosha na matokeo, lakini akasema haifai mahali pale, kwa kuwa Yohana anazungumzia Kanisa lililoenea duniani kote. Akieleza Warumi 5:18 alisema Kristo aliteswa kwa ajili ya dhambi za ulimwengu na kwamba anatolewa kwa watu wote, ingawa si wote wampokeao. Kile kifupi cha herufi tano, TULIP (jina la ua kwa Kiingereza), kinachotaja hoja tano za Wakalvini, hakikutoka kwake wala Dordrecht. Kilienea katika karne ya 20 miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza.

Ni hoja gani ngumu zaidi ya ukombozi mahususi?

Ni ya John Owen, Mpuritani wa Uingereza, aliyeiandika katika miaka ya 1640. Anasema kuna njia tatu tu. Kristo alilipia dhambi zote za watu wote. Au dhambi zote za baadhi ya watu. Au baadhi ya dhambi za watu wote. Ya tatu ikiwa kweli, kila mtu amebaki na dhambi za kujibu na hakuna atakayeokoka. Ya kwanza ikiwa kweli, kwa nini wote hawaokoki? Utasema, kwa sababu hawakuamini. Owen anakuuliza: huko kutoamini ni dhambi au si dhambi? Kama si dhambi, wanahukumiwa kwa nini? Kama ni dhambi, Kristo aliilipia au hakuilipia? Kama aliilipia, itawazuiaje zaidi ya dhambi nyingine alizozilipia?

Usiirukie kwa haraka. Nimeona wahubiri wakiijibu kwa kupaza sauti tu.

Jibu linalonishawishi liko katika namna ya malipo. Nikikulipia deni lako dukani, mwenye duka hana tena la kukudai, hata kama hujui kwamba nimelipa. Deni limekufa saa ile ile. Kama msalaba ungekuwa hivyo, wateule wangekuwa huru tangu Ijumaa ile, kabla hawajazaliwa. Lakini Paulo anawaambia waamini wa Efeso kwamba zamani walikuwa "watoto wa hasira kama na hao wengine" (Waefeso 2:3). Kwa hiyo hata kwa mteule, kifo cha Kristo hakimwondolei hukumu mpaka aunganishwe naye kwa imani. Na kama ni hivyo, Kristo anaweza kuwa amemfia mtu kweli na bado mtu huyo akabaki chini ya hukumu kwa kumkataa. Owen aliiona hoja hii akajitahidi kuijibu. Wasomaji wake hawajakubaliana hadi leo kama alifaulu.

Je, kuna njia ya kati?

Ipo, na ndiyo ninayoegemea. Davenant alifundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote kwa maana ya kweli, kiasi kwamba yeyote akiamini ataokoka, na papo hapo alikufa akiwa na nia ya pekee kwa wateule, ambao Mungu atawapa hiyo imani. Huko Saumur, Ufaransa, Moïse Amyraut alifundisha jambo la karibu na hilo mwaka 1634. Akashtakiwa mbele ya sinodi ya kitaifa ya Alençon mwaka 1637, akaonywa kuhusu lugha yake lakini hakuhukumiwa kuwa mzushi. Waswisi walikuwa wakali zaidi, wakaandika ungamo la mwaka 1675 dhidi ya shule ya Saumur.

Njia hii husutwa kutoka kushoto na kulia: kwa Mwarminio ni Ukalvini uliopakwa rangi, kwa Mkalvini mkali ni Uarminio wa chini kwa chini. Faida yake ni kwamba huhitaji kuupinda mstari wa "ulimwengu wote" wala ule wa "siuombei ulimwengu".

Kanisa langu liko upande gani?

Wakatoliki: kwa wote. Katekisimu yao inayarudia maneno ya Quierzy, na mwaka 1653 Papa Innocent X alilaani kauli ya Wajanseni (kundi la Wakatoliki lililokaribia Ukalvini) kwamba ni uzushi wa nusu-Pelagio, yaani wa kudai mwanadamu huanza mwenyewe kumwendea Mungu, kusema Kristo alimwaga damu kwa watu wote. Waorthodoksi: kwa wote, na huu si ubishi wao. Walutheri, KKKT (Kanisa la Kilutheri la Tanzania) wakiwemo kwa urithi wao: kwa wote pia. Waanglikana: kifungu cha 31 kati ya vile 39 vya imani yao kinataja dhabihu iliyotolewa kwa dhambi zote za ulimwengu mzima, ingawa Waanglikana Wakalvini wamekuwepo siku zote. Wapentekoste na Wasabato huhubiri kwa wote.

Wabaptisti wana matawi mawili tangu Uingereza ya karne ya 17: la ukombozi kwa wote, na la ukombozi mahususi. Swali hili ndilo lililowapa majina.

Kenya ina pande zote mbili za ubishi wa kale. Wamethodisti walifika Ribe mwaka 1862 wakiwa na mafundisho ya mwanzilishi wao, John Wesley, ya ukombozi kwa wote. Waskoti walihamia Kikuyu mwaka 1898, wakitoka katika kanisa la Ungamo la Westminster, tamko la imani la Wapresbiteri, lisemalo kwamba hakuna wengine waliokombolewa na Kristo ila wateule tu. Hata hivyo Uskoti yenyewe ilikuwa imeshalegea kufikia wakati huo. Mwaka 1831 ilimvua uchungaji John McLeod Campbell kwa kuhubiri kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Kabla karne haijaisha, wengi walikuwa wakihubiri vivyo hivyo bila kuitwa kujieleza. Ingia kanisa la PCEA (Wapresbiteri wa Afrika Mashariki) Jumapili uone ni mara ngapi utasikia neno "wateule tu".

Mtu anayeamini ukombozi mahususi anaweza kweli kuhubiri mkutano wa injili?

Historia imeshajibu. William Carey, aliyekwenda India mwaka 1793, alikuwa wa Wabaptisti wa ukombozi mahususi, na chama kilichomtuma kilianzishwa Kettering mwaka 1792 na watu wa imani hiyo. Rafiki yake Andrew Fuller ndiye aliyewashawishi wenzake kwamba kila mwenye dhambi ana wajibu wa kuamini, kwa hiyo kila mhubiri ana wajibu wa kumwita. Kabla ya hapo baadhi yao walikuwa hawathubutu kumwambia mtu wa nje "njoo". Hatari ipo, basi, lakini si lazima mtu aiangukie.

Nikiwa kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeokoka, naweza kumwambia "Kristo alikufa kwa ajili yako"?

Wanaoshika ukombozi kwa wote, na sisi wa njia ya kati, tunasema ndiyo bila kusita. Mkalvini mkali atasema: mwambie Kristo alikufa kwa ajili ya wenye dhambi, na kwamba akimjia hatatupwa nje, hilo ni kweli kwa yeyote. Angalia kwamba mahubiri ya mitume katika kitabu cha Matendo hayatumii sentensi hiyo kwa wasioamini. Yanasema tubuni, mwaminini, mtasamehewa. Mgonjwa hahitaji kujua orodha ya wateule. Anachohitaji ni kujua kama ahadi inamhusu, na kwa hilo wote wanakubali kwamba inamhusu. Ukiwa pale, usifungue mjadala wa Dordrecht.

Tukisema alikufa kwa ajili ya wote, si tunasema wote wataokoka?

Hapana. Hayo ni mafundisho mengine, na Wesley, Walutheri na Wakatoliki hawayafundishi.

Na wale ambao hawakuwahi kumsikia Yesu?

Swali zito, lakini si hili. Wapo walio na majibu tofauti kulihusu katika kila upande wa ubishi huu.

Mchungaji wangu ana msimamo tofauti na wangu. Nihame?

John Wesley alihubiri dhidi ya uteule wa Kikalvini huko Bristol mwaka 1739, akapiga kura ya bahati kama achapishe au la, kura ikasema hubiri na uchapishe. Rafiki yake George Whitefield alikuwa amemsihi asifanye hivyo. Whitefield akamjibu kwa barua ya wazi kutoka Georgia, Marekani, ya tarehe 24 Desemba 1740, na uamsho wao ukapasuka vipande viwili. Urafiki uliumia, ukaponywa taratibu. Whitefield alipofariki mwaka 1770, aliyehubiri ibada ya kumbukumbu London, mbele ya waumini wa Whitefield mwenyewe, ni Wesley.

Ukiuliza ushauri wangu: kama mchungaji anawaita watu wote kwa Kristo, kaa. Kama anatumia uteule kama sababu ya kutomwita mtu, zungumza naye kwanza, kisha amua. Na kwenye magrupu ya WhatsApp punguzeni neno "mzushi". Dordrecht yenyewe haikumfukuza Davenant.

Nianze kusoma wapi?

Soma kipengele cha pili cha waraka wa 1610 na sura ya pili ya Kanuni za Dordrecht siku moja. Cha kwanza ni aya moja. Ya pili ina vifungu 9 na makosa 7 inayoyakanusha. Kwa saa moja utakuwa umeyasoma yote mawili, kisha ndipo umfuate Owen, ambaye atakuchukua miezi.